Wembe wa kukunja uliopinda: kwa nini jiwe pana linashindwa, na namna ya kuunoa

Dalili ni hii. Wembe wa kukunja umenolewa saa nzima, ncha inakata unywele ulioshikwa hewani, kisigino nacho kinakata, lakini katikati, hapo hasa panapopita shavuni, makali yanang'ang'ania ndevu. Unarudi jiweni, unaongeza mipito hamsini, hali ni ileile. Mara nyingi kosa haliko kwenye jiwe wala kwenye mkono. Bapa lenyewe limepinda kwa urefu wake: upande mmoja umebonyea, wa pili umebenuka, na jiwe pana lililonyooka haliwezi kuyafikia makali yote.

Uganda nyembe hizi si bidhaa ya kila duka. Vinyozi wengi wa Kampala, Mbale au Arua wanatumia mashine ya umeme, na panapohitajika wembe wanavunja kiwembe cha kutupa vipande viwili na kupachika kimoja kwenye kishikio. Wembe wa kukunja wenye chuma chake mwenyewe unapatikana kwenye mafungu ya mitumba ya soko la Owino, Kampala, kwenye sanduku la mzee, au unaagizwa mtandaoni. Zile za zamani kutoka Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani zina chuma kizuri, lakini ukizilaza moja moja juu ya kioo utashangaa ni ngapi hazitulii. Zile mpya za bei ya kutupa, zisizo na jina la kiwanda, zimepinda zaidi, na nyingine chuma chake ni laini, hakishiki makali hata ufanyeje. Hizo hazistahili jasho lako.

Tukubaliane majina kwanza. Bapa ni chuma chenyewe kinachonolewa. Mgongo ni ule upande mnene wa juu. Kisigino ni mwisho wa makali ulio karibu na mpini, ncha ni mwisho wa pili. Bega ni pale bapa linapoungana na shingo nene, na mkia ni kile kijichuma kilichokunjika nyuma ambacho kidole hukalia. Ukanda wa makali ni ule mstari mwembamba unaong'aa pande zote mbili za makali, pale jiwe lilipokula chuma.

Wakati wa kunoa, mgongo na makali vinalala jiweni pamoja. Ndiyo maana wembe huu hauhitaji mtu kukisia pembe: mgongo unapima. Wembe wenye mgongo wa milimita 5 na upana wa milimita 18 kutoka mgongoni hadi kwenye makali unatoa pembe ya nyuzi 16 hivi, na nyembe nyingi nzuri ziko kati ya nyuzi 15 na 19. Mpango huo unafanya kazi mradi mgongo na makali vimenyooka. Bapa likipinda, vyote viwili vinapinda pamoja, na hapo ndipo shida inapoanza.

Kupinda kunatoka wapi

Chanzo kikubwa ni moto wa kiwandani. Chuma cha wembe hupashwa hadi karibu nyuzi 800 za Selsiasi kisha huzamishwa ghafla katika mafuta au maji ili kigumuke. Kinapopoa kinasinyaa, na kinapogeuka kuwa kigumu kinatanuka. Makali ni membamba, mgongo ni mnene, kwa hiyo haviwezi kupoa kwa mwendo mmoja. Sehemu moja inavuta, nyingine inasukuma, na bapa linakunja. Viwanda vilikuwa na mafundi wa kunyoosha, na baada yao wasagaji waliondoa kiasi cha kosa kwenye magurudumu. Kilichobaki kikafika kwa mnunuzi. Baadaye wamiliki waliongeza yao: miaka ya kunoa upande mmoja kwa nguvu kuliko mwingine, au kusugua kutu kwa gurudumu la mota hadi mgongo ukaliwa vibaya.

Usijaribu kuunyoosha. Wembe uliokomaa una ugumu wa karibu 60 kwa kipimo cha Rockwell C. Ukiubana kwenye jiliwa na kuusukuma, utapinda kidogo, utarudi, utapinda tena, kisha utavunjika vipande, na kimoja kinaweza kuruka usoni. Fundi wa Katwe anayenyoosha chasisi ya gari ana ujuzi wake, ila chuma hiki si cha aina anayoizoea. Kuupasha moto ili ulainike ni kuua ugumu wote: baada ya kuzamishwa, wembe hupashwa tena polepole kufikia nyuzi 200 hivi tu, na ukiuzidisha hadi ukaona rangi ya bluu umeshafika karibu 300. Ndiyo maana hata mnoaji wa mtaani mwenye gurudumu la baiskeli, anayefanya kazi safi kwenye visu na mikasi, hapaswi kugusa wembe huu. Gurudumu kavu linapasha ukingo mwembamba kuliko karatasi kwa sekunde moja au mbili.

Chuma kibaki kilivyo. Kitakachobadilika ni jiwe na mwendo wa mkono.

Hakikisha kwanza kwamba umepinda kweli

Watu hulaumu bapa kumbe kosa ni la kitu kingine, na makosa mawili yanajirudia kuliko yote. La kwanza ni jiwe lenyewe kuwa na bonde katikati kwa sababu ya matumizi. Chora miraba kwa penseli juu ya jiwe lote, lisugue juu ya msasa wa maji namba 400 (namba ndogo ni chembe kubwa na kali, namba kubwa ni laini) uliolazwa kwenye kioo kinene, na uangalie penseli inafutika wapi. Ikibaki katikati, jiwe ndilo lililobonyea. Endelea kusugua hadi michoro yote ifutike kwa pamoja.

La pili ni bega. Likipanda juu ya ukingo wa jiwe, linainua kisigino chote, na mtu anaona kisigino hakiguswi akadhani bapa limepinda. Acha nafasi ya milimita 3 au 4 kati ya bega na ukingo wa jiwe, kisha jaribu tena. Nyembe nyingi zinazoitwa "zilizopinda" hupona hapo hapo.

Ikiwa bado, laza wembe juu ya kioo cha meza kisicho na vumbi, mpini ukiwa nje ya ukingo wa kioo, mgongo na makali vyote vikigusa. Gusa mgongo kwa kidole upande wa kisigino, halafu upande wa ncha, taratibu sana. Upande uliobenuka utayumba kama mtumbwi usio na mzigo: katikati inagusa, miisho iko juu. Geuza. Upande uliobonyea utatulia vizuri, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu umesimama kwenye miisho yake miwili na katikati kuna mwanya. Weka tochi ya simu nyuma yake, utaona mwanga ukipita chini ya mgongo.

Mwanya huo upime, usiukisie. Mafundi wa bodaboda wana fila geji, vijani vyembamba vya chuma vya kupimia mianya, za kurekebishia valvu, na zinafaa kabisa: penyeza majani yake moja baada ya jingine chini ya mgongo, kamwe si chini ya makali. Kama huna, karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ile ya gramu 80, ina unene wa takriban milimita 0.1. Ikipita moja na mbili zikagoma, mwanya uko kati ya 0.1 na 0.2.

Jaribio la mwisho ni la wino. Paka maka peni kwenye ukanda wa makali na kwenye mgongo, pande zote mbili, acha ukauke, kisha pitisha wembe mara moja kila upande kwenye jiwe laini bila kukandamiza. Wembe uliopinda unatoa picha isiyo na utata: upande mmoja wino umefutika katikati tu, upande wa pili umefutika kisiginoni na nchani tu. Ukiona wino wa makali umefutika kisiginoni na wa mgongo umefutika nchani, na upande wa pili kinyume chake, huo haukupinda bali umesokoteka. Tiba inafanana, ila kazi ni ndefu zaidi. Ukiona ukanda wa makali unapanuka polepole kuelekea mwisho mmoja, tena kwa namna ileile pande zote mbili, basi mgongo ndio ulioliwa upande huo, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Makali yaliyojaa katikati kama tabasamu, ukiyatazama kwa ubavu, si ubovu. Nyembe nyingi zilitengenezwa hivyo kwa makusudi. Ubovu ni yale yaliyoliwa katikati yakawa na bonde. Hayo hayanyoi, na lazima bonde liondolewe kwanza kwa kusimamisha wembe wima jiweni na kuuburuta hadi makali yanyooke. Kazi hiyo inakula chuma kingi, ifanye kwa uchache.

Hesabu inayoeleza kila kitu

Kina cha mwanya chini ya kitu kilichopinda kinafuata mraba wa urefu unaoupima. Tuchukue wembe wenye makali ya milimita 70 na mwanya wa milimita 0.3. Kwenye jiwe lenye upana wa milimita 75, makali yote yako juu ya jiwe, kwa hiyo mwanya ni huo wote wa 0.3, na hakuna mkono unaoweza kuuziba bila kukandamiza. Kwenye jiwe la milimita 40 mwanya unabaki karibu 0.1. Kwenye jiwe la milimita 25 ni chini kidogo ya 0.04. Ukipunguza upana kwa nusu, mwanya unapungua mara nne.

Milimita 0.04 ni kidogo kiasi kwamba tope la jiwe, ulaini wa tepu mgongoni na mnyumbuko mdogo wa bapa vinaimaliza. Ndiyo sababu mawe ya zamani ya vinyozi yalikuwa madogo, mengi ya inchi 5 kwa 2, wakati mawe yanayouzwa leo yametengenezwa kwa ajili ya visu vya jikoni na patasi, ambako upana ni faida.

Kwa nini tusikandamize tu? Kwa sababu bapa la wembe limechimbwa pande zote mbili na ni jembamba mno karibu na makali. Ukilibonyeza, linanyooka kwa muda, jiwe linalikata likiwa limenyooka, na wewe unaona ukanda mzuri uliosawazika. Ukiachia, chuma kinarudi kwenye pinda lake, na pembe uliyodhani umeitengeneza haipo. Ubaya wa pili ni kwamba kukandamiza kunakula mgongo kuliko makali. Na anayeng'ang'ana na jiwe pana hadi "lishike" anaondoa chuma katikati ya upande mmoja na miishoni mwa upande wa pili, mgongo unakuwa na mabaka, na makali yanaanza kuchukua lile bonde tulilolitaja.

Kupata jiwe jembamba

Njia rahisi ni kutumia ubavu wa jiwe la maji la namba moja. Mawe mengi yana unene wa milimita 20 hadi 25, huo ndio upana tunaoutaka. Jiwe la namba mbili zilizogandishwa pamoja halifai kwa ubavu, kwani ubavuni namba zote mbili zinakuwa sehemu moja. Nyoosha ubavu juu ya msasa namba 400 kama ulivyofanya uso wake, kisha vunja kona zake zote kwa nyuzi 45, milimita moja hadi mbili. Usiruke hatua hii. Kona kali ya jiwe jembamba inachimba makali kama patasi, na kovu lake linahitaji nusu saa kuondolewa.

Njia ya pili haihitaji kuagiza kitu. Mwombe fundi wa vioo akukatie vipande vya kioo cha milimita 10, upana milimita 25, urefu milimita 200, na kingo zisagwe. Juu yake bandika msasa wa maji, ukikunja pembeni ili ukingo wa karatasi usiinuke. Hapa namba zinawachanganya wengi: namba ya msasa na namba ya jiwe si kipimo kimoja. Msasa wenye herufi P mbele, P2000, una chembe za takriban maikroni 10, na huo ndio unaokaribiana na jiwe la maji la namba 1000. P1000 una chembe za maikroni 18, ni mkali mno kwa wembe, utumie tu makali yakiwa na mapengo yanayoonekana kwa macho. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa wala cha maji chini ya karatasi. Karatasi iliyovimba inalamba juu ya makali na kuyafanya butu badala ya kuyanoa.

Wako wanaolichonga jiwe la kawaida likawa limevimba kidogo sana katikati, likaingia ndani ya upande uliobonyea. Linafanya kazi. Kwetu jiwe jembamba lililonyooka ni bora, kwa sababu unaweza kulikagua kwa penseli na kioo ukajua liko sawa, wakati uvimbe wa jiwe ukishaharibika hujui umeharibika wapi.

Kunoa kwenyewe kunataka usafi kuliko watu wanavyodhani. Kiangazi vumbi jekundu la murramu linaingia kila mahali, na chembe moja ya mchanga juu ya jiwe la namba 8000 inatosha kupasua makali. Fanya kazi mbali na mlango, tumia maji ya mvua au yaliyochujwa kwa kitambaa, na suuza jiwe, wembe na vidole kila unapobadilisha namba.

Kuweka ukanda wa makali

Bandika tepu ya umeme mgongoni, safu moja tu, kuanzia kisigino hadi ncha. Kwenye wembe ulionyooka tepu ni hiari, lakini kwenye uliopinda tunaipendekeza, maana kazi ya namba 1000 itakuwa ndefu na mgongo utaliwa ovyo. Tepu ya milimita 0.15 inaongeza pembe kwa takriban nyuzi moja, hakuna madhara. Sharti ni moja: ukianza nayo, maliza nayo hadi jiwe la mwisho, ukibadilisha kipande kinapochakaa kwa kingine cha unene uleule. Ukiitoa katikati ya kazi, pembe inashuka na jiwe laini litakuwa linasugua nyuma ya makali bila kuyagusa.

Kisha ua makali ya zamani. Pitisha wembe mara moja, wima, bila uzito, juu ya ukingo laini wa gilasi. Inauma moyo, lakini bila hivyo kila jaribio utakalofanya baadaye litapimwa kwa makali yaliyokuwepo kabla na si kwa kazi yako.

Shika jiwe mkono wa kushoto, au lifunge kwenye kibao lisicheze. Shika shingo ya wembe kwa kidole gumba na cha shahada, legevu, uweze kuuzungusha bila kukunja kifundo. Makali yatangulie. Anza kisigino kikiwa juu ya jiwe upande ulio karibu nawe, sukuma mbele huku ukiuvuta wembe upande, ili ufikapo mwisho wa jiwe ncha ndiyo iwe inatoka. Mwendo ni wa mshazari. Kwa wakati wowote ni kipande cha milimita 25 tu kinachoguswa, na kila kipande kinapata zamu yake.

Sasa jambo lenyewe. Pande mbili za wembe uliopinda hazitaki mkono uleule.

Upande uliobenuka ukiwa chini, miisho iko juu. Ili kisigino kiguse, anza mkia ukiwa umeshuka kidogo, kisha uuinue polepole kadiri unavyoelekea nchani. Upande uliobonyea ni kinyume: anza mkia ukiwa umeinuka kidogo, umalizie ukiwa umeshuka. Kwa wembe wetu wa mfano, pinda la milimita 0.3 linafanya mteremko wa nyuzi moja hivi kwenye miisho, na hiyo mkiani haizidi milimita moja au mbili. Ukiona mkono wako unapanda na kushuka kwa sentimita, unayumbisha wembe kwenye kona za jiwe. Wala huhitaji kuulazimisha: ukishika shingo kwa ulegevu, jiwe jembamba lenyewe linaonyesha bapa linataka kulala vipi, na vidole vinafuata.

Upande uliobonyea ndio utakaokuchelewesha. Anza nao. Piga mipito kumi, suuza, kausha, paka wino upya, piga mmoja bila uzito, tazama. Wino ukibaki katikati, fanya nusu mipito ya mahali hapo tu, mbele na nyuma kwa umbali wa sentimita tatu, ishirini hivi, kisha unganisha na mipito mizima ya mshazari ili kusiwe na mpaka kati ya sehemu na sehemu. Geuza, fanya idadi ileile upande wa pili. Ukizidisha upande mmoja, makali yanahama kutoka katikati ya bapa.

Uzito wa mkono: kama una mizani ya jikoni, weka jiwe juu yake, ulirudishe sifuri, na ujifunze mgandamizo wa gramu 150 hadi 200 ukoje. Huo ndio kiwango cha juu kabisa, tena mwanzoni tu. Mipito ishirini ya mwisho iwe kwa uzito wa wembe wenyewe.

Ukanda umekamilika pale pande mbili zinapokutana kwa urefu wote wa makali. Lipate hilo kwa lenzi, si kwa matumaini. Mafundi wa simu na masonara wana lenzi za kukuza mara 10 hadi 30. Tazama makali kutoka juu, moja kwa moja, chini ya taa: pakiwa na nukta au mstari unaong'aa, hapo pande hazijakutana. Kwenye wembe uliopinda nukta hizo hukaa katikati, au milimita tano za mwisho nchani. Jaribu pia kukata malaika ya mkono kwa kila sehemu tatu, kisigino, katikati na ncha. Zote zikate kwa urahisi uleule. Ikikata ncha na katikati ikasita, usiende namba 4000. Jiwe laini haliwezi kufanya kazi iliyoachwa na jiwe kali.

Usishangae upana wa ukanda ukitofautiana, mpana katikati upande mmoja na mpana miishoni upande wa pili. Hiyo ni alama ya pinda, ni sura tu, haizuii kunyoa. Anayetaka ukanda uliolingana kwa macho atamaliza wembe.

Namba za juu

Kutoka 1000 nenda 4000, kisha 8000. Chembe za 4000 ni maikroni 3 hivi, za 8000 ni kama 1.2. Mipito 30 hadi 40 kila jiwe inatosha kama ukanda umekamilika, uzito ukipungua kila hatua, na lenzi ionyeshe kwamba mikwaruzo ya jiwe lililotangulia imefutika, hasa ile iliyogusa makali.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu hata baada ya kuanza vizuri: wanaweka ukanda kwa jiwe jembamba, halafu wanamalizia kwenye jiwe pana la 8000 kwa sababu ndilo walilonalo. Jiwe hilo halifiki katikati ya upande uliobonyea. Wembe unatoka na makali ya 8000 miishoni na ya 1000 katikati, na unarudi kwenye dalili ileile tuliyoanza nayo. Kila jiwe liwe jembamba, au litumike kwa ubavu, na mkono ufuate pinda vilevile.

Baada ya jiwe, kitambaa kizito cha pamba au kitani kilichopakwa dawa ya kijani, oksidi ya kromiamu yenye chembe za karibu maikroni 0.5, kinasaidia wembe wa aina hii kuliko mwingine wowote, maana kitambaa kinajikunja kufuata bapa. Mipito 15 kila upande, mgongo ukitangulia. Ukizidisha kila wiki, makali yanakuwa mviringo.

Mkanda wa ngozi uwe wa kuning'iniza, si ngozi iliyogundishwa kwenye ubao, kwani ubao nao ni uso ulionyooka na utaruka katikati kama jiwe pana lilivyoruka. Uvute ubaki na ulegevu mdogo tu, kiasi cha kushuka milimita chache chini ya wembe. Mkanda mwembamba wa sentimita 5 ni bora kuliko wa 7 au 8. Kitambaa kitupu mara 20, ngozi mara 50, kwa mshazari uleule. Ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa vizuri, isiyo na rangi nzito wala mikunjo, inatosha. Mkanda wa suruali wenye plastiki juu yake hautoshi.

Yanayokwenda kombo

Kisigino kikikwama au kupata pengo, bega limepanda jiweni au kona ya jiwe haikuvunjwa. Ncha ikikwaruza ngozi wakati wa kunyoa, uliinua mkia kupita kiasi mwishoni mwa mpito kwenye upande uliobenuka, ikapata uzito wote. Makali yakinyoa vizuri siku ya kwanza na ya pili yakafa, huenda yalikuwa ni unyuzi wa chuma uliokunjika tu, uliotokana na kukandamiza kwenye namba 1000. Rudi 4000 kwa uzito wa wembe peke yake.

Ipo mipaka. Mwanya ukizidi nusu milimita, kazi inawezekana lakini matokeo hayalipi muda. Ukifika milimita moja, ning'iniza wembe ukutani kama pambo. Uliosokoteka unavumilika mradi ukiulaza kwenye kioo kona inayoinuka haipiti karatasi mbili. Na ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, usinoe kabisa.

Weka alama ndogo kwenye shingo, upande uliobonyea, ili ukichukua wembe miezi mitatu baadaye usianze kupima upya. Ukaushe kila baada ya kunyoa na upake tone la mafuta ya cherehani, la sivyo unyevu wa Entebbe au Jinja utaweka vidoa vya kutu kwenye makali ndani ya siku chache, na kutu ya makalini ni kurudi namba 1000.

Kwa mwenye saluni: usitumie wembe huu kwa wateja. Dawa ya klorini inayoua virusi vya homa ya ini B na VVU inakula chuma cha kaboni, na mvuke wa mashine ya kutakasia vyombo unaharibu mpini na kuleta kutu. Mteja apate kiwembe kipya cha kutupa, kifunguliwe mbele yake.